Jina Lililoandikwa na Kompyuta

Ndugu wafanyakazi, siku hizi kwenye mashamba mengine karani wa mizani huingiza kilo katika kompyuta. Skripti, yaani mfuatano wa amri unaojiendesha, huandika jina la karani kando ya kila mzigo. Hulipata wapi?

Katika mashine za Linux, skripti yaweza kusoma lebo iitwayo USER. Lakini aliyeingia aweza kuibadilisha kwa mstari mmoja, akaweka jina la mwenzake. Huo si ushahidi. Amri ya whoami ni afadhali, ila humtaja yule ambaye kazi inafanyika kwa mamlaka yake: skripti ikiendeshwa kwa sudo, jibu ni root, mkuu wa mashine. Logname humtaja aliyeingia tangu mwanzo.

Lakini zote hutaja akaunti, hazimwoni mtu. Niliwahi kumtetea karani aliyeshtakiwa kwa kilo zilizopungua, kumbe saa ile alikuwa zahanati. Neno lake la siri lilibandikwa ukutani, kwa agizo la msimamizi! Mkiitwa kwenye kikao, ulizeni kwanza: jina hili limepatikana kwa amri ipi, na nani wengine walilijua neno la siri?