Joto Lililotangulia Dhoruba

Alhamisi ya tarehe 12 Januari 1888, wakulima wa Dakota na Nebraska, katikati ya Marekani, waliamka wakakuta kitu walichokuwa wamekisahau: hewa ya kuvumilika. Siku zilizotangulia zilikuwa za baridi kali mno. Watoto walikuwa wamefungiwa ndani, mifugo imebanwa mazizini, na kila kipande cha kuni kikihesabiwa kabla ya kutiwa motoni. Asubuhi hiyo joto lilipanda hadi karibu na nyuzi sifuri, theluji ya juu ya mapaa ikaanza kulegea, na kila mwenye kazi ya nje akatoka kuifanya. Baba akaenda kutoa ng'ombe, kaka mkubwa akaenda kufuata nyasi kavu kwenye lundo la shambani. Watoto wakaenda shule, wengi bila makoti mazito wala glavu.

Usiku ulipoingia, katika sehemu nyingi za eneo hilo baridi ilikuwa imefika karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, na kwingine zaidi. Waliokufa hutajwa mara nyingi kuwa watu 235, ingawa wapo wanaokadiria kuwa walikuwa wengi zaidi ya hapo. Miongoni mwao watoto wa shule walikuwa wengi mno, hata dhoruba yenyewe ikapewa jina lao.

Mwaka 2004 mwandishi wa Marekani, David Laskin, alitoa kitabu kuhusu siku hiyo, The Children's Blizzard. Mimi na jamaa zangu tumekisoma kwa zamu, nakala moja ikipita mkono kwa mkono, na kila aliyekimaliza alirudi na swali lilelile, huku sauti imempanda kidogo: walimu wale waliwaachiaje watoto watoke? Ni swali la haki. Lakini kulijibu kunahitaji kwanza kuelewa asubuhi ile ilitoka wapi, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasoma kana kwamba kulikuwa na siku nzuri, kisha dhoruba ikaja kuiharibu. Sivyo. Uzuri wa asubuhi ile ulikuwa kazi ya dhoruba yenyewe, tayari imeshaanza.

Tazama ramani ya Amerika Kaskazini. Upande wa magharibi kuna milima ya Rocky, imesimama kutoka kaskazini kwenda kusini. Mashariki yake ni nchi tambarare iliyonyooka kutoka Aktiki, ikapita Kanada, ikashuka hadi Ghuba ya Meksiko, bila safu yoyote ya milima iliyolala kwa upana kuzuia hewa. Hewa ya Aktiki ikianza kuteremka haina wa kuikinga, na hewa ya joto na unyevu ya Ghuba ikivutwa juu nayo haina kizuizi. Nyika zile ni uwanja wa mapambano wa hewa mbili ambazo, kwingineko duniani, aghalabu hutenganishwa na milima au bahari.

Mgandamizo mdogo wa hewa unapojengeka karibu na milima hiyo na kuanza kusogea, upepo huuzunguka. Katika kizio cha kaskazini huuzunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kwa hiyo walio mashariki ya kitovu hupulizwa na upepo wa kusini, wenye joto, na walio magharibi yake hupulizwa na upepo wa kaskazini. Ni kitovu kilekile kimoja kinachovuta vyote viwili. Kadiri kitovu kinavyokuwa na nguvu, ndivyo joto la mbele linavyopendeza na baridi ya nyuma inavyotisha. Wakulima waliofurahia joto la asubuhi ya Januari 12 walikuwa wamesimama upande wa mashariki wa mtambo huo, na mtambo ulikuwa unawajia.

Mpaka kati ya hewa hizo mbili ndio uliobeba kifo. Hewa baridi ni nzito. Hujipenyeza chini ya hewa ya joto na kuinyanyua kwa nguvu. Mpaka huo ulipita Montana gizani kabla ya mapambazuko, ukaivuka Dakota kati ya asubuhi na mchana, ukaingia mashariki mwa Nebraska alasiri, mnamo saa tisa. Ratiba hiyo ndiyo msiba wenyewe. Ungepita usiku wa manane, watu wengi wangekuwa majumbani wamelala. Ulipita wakati watoto wako darasani au wanakusanya daftari kurudi nyumbani.

Walionusurika walikubaliana kuhusu jinsi ulivyofika. Upepo wa kusini ulikatika ghafla, pakawa kimya kwa muda mfupi, kisha ukuta wa kijivu ukaonekana kaskazini magharibi na kufika kabla mtu hajavuka uwanja. Theluji iliyokuwamo haikuwa ile laini ya kadi za Krismasi. Fuwele zake zilikuwa zimesagwa na upepo hadi kuwa kama unga uliochekechwa, kavu na kali, zikipenya kwenye nyuzi za nguo, puani na chini ya kope. Macho yalimwagika machozi, machozi yakaganda, kope zikashikana. Mtu alinyoosha mkono asiuone. Majumbani baadhi ya watu waliona cheche zikiruka kutoka kwenye vyuma vya majiko yao. Si ushirikina: chembe kavu za theluji zinapogongana mamilioni kwa mamilioni hujichaji umeme, na umeme huo hutafuta chuma cha kurukia.

Sasa turudi kwa mwalimu. Shule nyingi za nyika zilikuwa chumba kimoja cha mbao, au cha mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi na mizizi yake. Mwalimu mara nyingi alikuwa binti aliyewazidi wanafunzi wake wakubwa kwa miaka michache tu. Jiko moja, kuni za siku moja. Mbele yake palikuwa na njia mbili, zote mbaya. Abaki, ateketeze kuni zilizopo, kisha madawati, na kuomba paa lising'oke. Au atoke na watoto kuelekea nyumba iliyo karibu.

Karibu na Ord, Nebraska, mwalimu Minnie Freeman hakuwa na la kuchagua, kwa kuwa upepo uliliezua paa. Aliwaongoza wanafunzi wake hadi kwenye nyumba ya shamba, wote wakapona, na magazeti yakamfanya shujaa wa taifa. Inasimuliwa kwamba aliwafunga kwa kamba. Masimulizi yanagongana kuhusu kamba hiyo, lakini kupona kwao hakuna shaka. Karibu na Plainview, jimbo hilohilo, mwalimu Lois Royce aliishiwa kuni akiwa na watoto watatu. Nyumba aliyopanga ilikuwa chini ya mita 200 kutoka shuleni. Walitoka, wakapotea. Watoto wote watatu walikufa usiku ule, naye akakatwa miguu iliyokuwa imeganda. Mabinti wawili, njia ileile. Mimi siwezi kumhukumu wa pili kwa kipimo cha bahati ya wa kwanza, na nadhani anayesoma kwa makini hatamhukumu.

Mita 200 zinapotezaje mtu? Mwaka 2009 mwanasayansi Jan Souman na wenzake, wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walichapisha utafiti ambao ningependa kila msomaji wa kitabu hiki aujue. Waliwatembeza watu katika msitu wa Ujerumani na katika jangwa la Sahara nchini Tunisia, wakifuatilia njia zao kwa setilaiti. Jua au mwezi ulipoonekana, watu walinyoosha. Ulipofichika, walizunguka na kukatiza njia zao wenyewe wakiamini kabisa wanakwenda mbele. Waliofungwa macho walizunguka katika duara dogo, wakati mwingine la kipenyo cha mita 20 tu. Sababu si mguu mmoja kuwa mrefu. Ubongo hukisia upande wa mbele kila hatua, na makosa madogo hujilimbikiza pasipokuwa na kitu cha nje cha kuyasahihisha. Ndani ya ule weupe wa 1888 hapakuwa na kitu cha nje.

Wakati huohuo mwili unapoteza joto, na hapo umbo la mtoto linamponza. Joto huzalishwa na nyama ya mwili, hupotea kupitia ngozi. Mtoto ana ngozi nyingi kwa kulinganisha na uzito wake, hivyo hupoa haraka kuliko mtu mzima aliyesimama kando yake. Upepo huongeza: hufagia ile hewa ya uvuguvugu inayoambaa na ngozi na kuleta mpya ya baridi kila mara. Kwa kanuni inayotumiwa na Marekani na Kanada tangu 2001, baridi ya nyuzi 29 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 56 kwa saa huiumiza ngozi iliyo wazi sawa na karibu nyuzi 48 chini ya sifuri. Vidole na pua huganda kwa dakika chache.

Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka kwa nguvu na akili huanza kuvurugika. Karibu na nyuzi 30 kutetemeka hukoma, na si dalili njema, mwili umeishiwa. Baadhi hujihisi wanaungua na kuvua nguo. Sehemu ya kitabu iliyotuumiza kuliko zote inahusu waliovuka usiku mzima wakiwa hai, wakaona jua la asubuhi, wakasimama kwenda nyumbani, wakaanguka na kufa. Moyo uliopoa kupita kiasi huwa mwepesi kuvurugika. Mtu akisimama ghafla, shinikizo la damu huporomoka, damu baridi ya miguuni huanza kurudi, na moyo hupigapiga ovyo bila kusukuma kitu. Ndiyo maana waokoaji wa leo humlaza mgonjwa wa aina hiyo na kumbeba taratibu, hata akisema anaweza kutembea. Na zamani hizo viungo vilivyoganda vilisuguliwa kwa theluji, ushauri uliosambaa tangu enzi za daktari wa Napoleon. Uliharibu nyama iliyokuwa bado na nafasi ya kupona. Siku hizi kiungo kama hicho hutumbukizwa katika maji ya joto la mwili, bila kusuguliwa.

Je, hakuna aliyejua? Alikuwapo. Wakati huo utabiri wa hali ya hewa Marekani ulikuwa kazi ya jeshi, Kikosi cha Mawasiliano, na Luteni Thomas Woodruff alikuwa akitabiri kutoka Saint Paul, Minnesota. Vituo vilimletea vipimo kwa telegrafu mara tatu kwa siku. Usiku wa kuamkia Alhamisi aliona baridi inakuja na akatoa taarifa. Bendera nyeupe yenye mraba mweusi katikati ndiyo ilikuwa ishara ya baridi kali. Lakini bendera huonekana mjini, na telegrafu ilikomea stesheni. Mkulima wa kutoka Norway au Ujerumani, aliyefuata ekari 160 za bure chini ya sheria ya mwaka 1862, alikuwa mbali na stesheni hiyo kwa mwendo wa saa kadhaa. Maarifa yalikuwapo hadi kwenye ncha ya waya, yakaishia hapo. Mwaka 1891 kazi hiyo iliondolewa jeshini na kupewa raia.

Walionusurika hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1940, wakiwa wazee, walikutana Lincoln, Nebraska, wakakusanya kumbukumbu zao, na mwaka 1947 zikatoka katika kitabu. Bila wazee hao, waliokubali kurudi utotoni kwenye siku mbaya kuliko zote, tungebaki na vichwa vya habari vya magazeti tu.

Leo wasemaji wa Kiswahili wapo hukohuko: Wakenya wa Minnesota, Wakongo na Warundi wa Fargo, Sioux Falls na Des Moines. Dada mmoja kati yetu wasomaji anaishi Minnesota, naye alituambia kilichomshangaza alipofika: simu inalia usiku, shule zimefungwa kesho, na kesho yenyewe jua linawaka. Mwanzoni aliona ni kudekeza watoto. Sasa onyo likitoka huweka blanketi na chakula ndani ya gari, na anajua kwamba gari likikwama kwenye theluji hukai ukawasha injini kabla ya kuzibua bomba la moshi, na hutoki kutafuta msaada kwa miguu, hata kama taa za nyumba ya jirani zilikuwa zinaonekana dakika moja iliyopita.