Mezani kwa Mfaransa hapana pupa

WAHENGA walisema ukifika kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Msomaji, iwapo masomo au kazi itakufikisha Ufaransa, utaanza kuvunja lako mezani.

Asubuhi usitarajie mayai wala soseji. Wengi huridhika na mkate uliopakwa siagi na jemu, na kahawa ambayo aghalabu hunywewa katika bakuli, mkate ukichovywa humo bila haya. Chamcha huliwa kati ya saa sita na saa nane, na katika miji midogo maduka mengi hufungwa wakati huo. Watoto hupewa kitu kitamu watokapo shuleni, kisha hungoja chajio, mwendo wa saa mbili usiku. Kudokoadokoa hapo katikati hakupendezi.

Ukialikwa, beba maua, ila si krisanthemamu, ambayo hupelekwa makaburini. Mikono yako iwe juu ya meza, si mapajani, na usianze kabla ya mwenyeji. Chakula hakirundikwi katika sahani moja. Huja kwa zamu: kitangulizi, nyama au samaki na mboga, jibini, kisha kitamutamu. Ukijishindilia kitangulizi utaaibika nyama ikifika.

Mkate huwekwa kando ya sahani, juu ya kitambaa cha meza, na humegwa kwa mkono. Usiulaze kifudifudi, wazee huona ni mkosi. Mkate unaouzwa kwa jina la desturi ya Kifaransa hulindwa na amri ya serikali ya mwaka wa 1993, inayokataza kuugandisha kwa barafu au kuutia kemikali.

Si Wafaransa wote wafuatao haya kila siku. Wapo wengi wanaokula sandwichi wakitembea. Hata hivyo, mwaka wa 2010 shirika la UNESCO liliutambua mlo wao wa sherehe kuwa urithi wa utamaduni. Kilichotambuliwa si mapishi, bali desturi ya jamaa na marafiki kuketi pamoja.

Hapo pana funzo kwetu. Iwapo baba hula mbele ya televisheni, watoto jikoni na mama akiwa amesimama, ni nani atakayegundua kwamba kifungua mimba amekuwa kimya tangu Jumatatu? Ugali na sukumawiki vyatosha. Jioni hii zima televisheni, waite wote, na asiondoke mtu hadi wa mwisho amalize.