Senti Yenye Tundu na Sarafu ya Mwenye Duka

Serikali ilipofungua boma la Embu mwaka 1906, na la Meru mwaka 1908, kodi ya nyumba ilidaiwa kwa rupia. Rupia ilikuwa fedha nzito kwa mkulima. Aliyeipata kwa kuuza mbuzi au kwa kazi ya siku nyingi hakutaka kuimaliza yote dukani, maana haja yake ilikuwa chumvi kidogo na shanga chache. Mwenye duka asipokuwa na chenji, biashara ilikwama mlangoni.

Mfanyabiashara mwenye shida hiyo ana njia tatu. Aweza kumpa mnunuzi bidhaa asiyoitaka, au kuandika deni daftarini, ambalo asiyejua kusoma hawezi kulihakikisha. Njia ya tatu ni kutengeneza kisahani cha madini chenye jina la duka na kumwambia mteja akirudishe siku nyingine apate mali. Uingereza yenyewe iliwahi kujaa visahani hivyo. Mwaka 1787 kampuni ya machimbo ya shaba ya Parys ilitoa vyake, wafanyabiashara wengi wakafuata, hata sheria ya mwaka 1817 ikavikataza. Ubaya wake waonekana upesi: thamani yake haivuki kizingiti cha aliyekitoa, na duka likifungwa hasara ni ya mwenye kukishika.

Katika nchi zetu waliofanya hivyo kwa ukubwa ni makampuni. Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ilipiga sarafu zake mwaka 1888, zenye picha ya mizani, na ile ya Wajerumani ikatoa pesa zake mwaka 1890. Zote zilifuata hesabu ya Kihindi ya paisa 64 kwa rupia, na ndiko lilikotoka neno letu "pesa". Kampuni ya Waingereza ilishindwa na kazi, na mwaka 1895 Serikali ikashika nchi.

Kwa sheria ya mwaka 1905 rupia iligawanywa kuwa senti 100. Senti za kwanza, za mwaka 1907, zilikuwa za alumini. Ziliharibika upesi, na tangu 1909 zikapigwa kwa madini magumu zaidi. Tundu la katikati lilikuwa jambo la busara kuliko yote, kwa kuwa mwanamke wa Mwimbi au wa Mbeere asiyekuwa na mfuko aliweza kutunga senti zake kwenye uzi, akazihesabu kwa vidole, wala hakuhitaji jina la mwenye duka yeyote.

Lakini mwaka 1920 florini ilishika mahali pa rupia, na kabla watu hawajaizoea ikaja shilingi, ambayo ni nusu ya florini. Shilingi nayo ikagawanywa kuwa senti 100. Jina lilikuwa moja, thamani mbili! Lilitolewa hata shauri kwamba senti za zamani zihesabiwe kama senti za shilingi, na likapingwa kwa nguvu, kwa sababu aliyekuwa na uzi mrefu nyumbani angelala na mali yake akaamka na nusu. Tajiri aliweka rupia na noti. Senti zilikuwa mikononi mwa maskini.

Tundu likaendelea kwenye senti 1, 5 na 10 za shilingi. Kenya ilipotoa sarafu zake yenyewe mwaka 1966, halikuwamo.