Mafiga ya Mama Hayakutupwa

Wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Kwetu Kakamega, mama alipikia juu ya mafiga matatu aliyowekewa na mama mkwe wake siku alipoolewa. Moshi ulimtoa machozi asubuhi na jioni, na kikohozi hakikumwacha. Hata hivyo, nilipomwambia tujenge jiko jipya, alikuja juu.

"Mwanangu, mbegu zangu za mahindi nitazihifadhi wapi?"

Swali hilo lilininyamazisha. Moshi ndio uliowazuia dumuzi wasile mbegu zilizoning'inizwa juu ya meko, na zamani ndio uliofukuza mchwa kwenye paa la nyasi. Lakini siku hizi paa letu ni la mabati.

Jiko lenyewe si geni. Tangu miaka ya 1980, vikundi vya akina mama wa Magharibi wamekuwa wakifinyanga chungu chenye mlango wa kuni, kinachojengewa jikoni kwa mawe na matope. Moto haupeperushwi ovyo, na kuni chache hutosha.

Siku ya kujenga, tulipoanza kutafuta mawe ya kukizungushia, mama aliinuka akayaleta mafiga yake mwenyewe.

"Haya ndiyo yatakayolishika jiko," akasema.

Tukayazika ndani ya matope. Mbegu zingali zinaning'inia pale pale, maana moshi haukwisha bali umepungua. Ndugu msomaji, si lazima cha kale kitupwe ndipo kipya kipate kukaa.