KUKAA KANDO YA MAJI SIYO KUWA NA MAJI



Kila asubuhi, mbele ya masomo, tunakutana njiani na wenzetu wenye kubeba bidoni. Mara nyingi mmoja anasema: «Heri watu wa Kasenyi na Tchomia! Wao wanakaa kando ya Ziwa Albert, hawana taabu ya maji.» Neno hili siyo kweli. Kule kwenye ziwa maji iko mingi, lakini kolera inarudi mara kwa mara. Kwa nini?

Ili tufahamu vizuri, tuchukue mfano wa Goma, sababu ni mji mkubwa wenye ziwa mlangoni. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano Nyiragongo. Mawe yale yana matundu. Mvua ikinyesha, maji inapotea chini mara moja. Kwa hiyo mjini hakuna mito. Maji yanatoka Ziwa Kivu, na ziwa liko chini, kwa meta 1,460 juu ya bahari. Kartie nyingi ziko juu zaidi. Anayekaa karibu anashuka na bidoni. Anayekaa mbali ananunua maji yaliyopandishwa kwa gari ao kwa chukudu, na bei inapanda pamoja na njia.

Basi, ili maji ya ziwa yafike kwenye robine, inapaswa kazi nne:

1. Kuyavuta kwa tiyo, mbali na pahali watu wanapooga na kufua.
2. Kuyatia dawa ya klori ili kuua mikrobe.
3. Kuyapandisha kwa pompi mpaka kwenye tanki iliyo juu.
4. Kuyaacha yashuke yenyewe ndani ya tiyo mpaka kwa watu.

Kazi hii ni ya Regideso, shirika lililoanzishwa tangu 1939. Lakini pompi inaomba umeme. Goma inapata umeme wa SNEL, na pia ule wa Matebe, kwenye mto Rutshuru, wenye nguvu zaidi ya megawati 13. Ndiyo kusema maji inategemea umeme, umeme inategemea waya, na waya inategemea amani. Kimoja kikikatika, vyote vinasimama.

Jambo hili limeonekana kwa macho. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika moto. Lava iliharibu tanki kubwa na tiyo zake, na karibu watu 500,000 wakakosa maji. Tena Januari 2025, wakati wa vita, umeme ulikatika, pompi zikasimama, na watu wakashuka kuteka maji ziwani bila dawa.

Hapo ndipo hatari. Maji ya ziwa yanaweza kuonekana safi sana, lakini mikrobe ya kolera haionekani. Katika Julai 1994, wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda walifika Goma. Kwa mwezi mmoja tu karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu. Walikufa karibu na maji mengi.

Sasa, sisi wa Marabo tunapata fundisho gani? Kwanza, tusipime maji kwa macho. Tuchemshe maji ya kunywa ao tutie klori, na choo kiwe mbali na pahali pa kuteka. Pili, sisi watu wa vilima tuna bahati moja: chemchem iliyo juu ya kijiji, ikilindwa vizuri na kufungwa kwa tiyo, inashuka yenyewe bila pompi na bila umeme. Wengi wenye kukaa kando ya ziwa hawana bahati hiyo.

Tatu, siku mtu atakapokuja kutuahidi robine, tufurahi, lakini tumuulize: Nani atanunua klori? Tiyo ikipasuka, nani ataitengeneza, na kwa feza gani? Robine nyingi hazikufa siku ya kuharibika. Zilikufa siku ile zilifunguliwa, sababu hakuna mtu aliuliza maulizo hayo.

Tuzungumze mambo haya nyumbani na wazazi wetu.