Fataki: Kwa nini sheria yaziita vilipuzi

KILA mwaka unapokaribia ukingoni, swali moja huzuka katika miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, na hata katika vituo vidogo kama Mweiga: je, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kununua fataki na kuzirusha uani kwake usiku wa kuamkia Mwaka Mpya?

Wapo wanaodhani kwamba jibu linategemea uzito wa mfuko. Wengine hushikilia kwamba, maadamu wameziona kwenye televisheni zikipamba anga la Nairobi, basi ni halali kila mahali. Dhana zote mbili ni potofu.

Jibu fupi ni kwamba nchini Kenya fataki si bidhaa ya kuchukuliwa dukani kama mshumaa au kibiriti. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115 ya Sheria za Kenya, inaziweka katika familia moja na baruti ya kupasulia mawe machimboni. Anayetaka kuziingiza nchini, kuzihifadhi, kuzisafirisha au kuziuza hana budi kupata idhini ya maafisa wa ukaguzi wa vilipuzi walio chini ya idara ya madini. Anayeshangaa ni kwa nini kitu cha kufurahisha watoto kiwekwe mikononi mwa watu wa madini, na aanze kwa kutazama kilichomo ndani ya karatasi ile ya rangi.

Kilichomo ndani

Msingi wa fataki ni baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, ambao Wachina waliugundua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Makaa na salfa huungua. Shura hutoa oksijeni ya kuuchochea moto huo hata pale ambapo hewa haifiki. Gesi inayozalishwa ghafla ndani ya karatasi iliyokazwa hutafuta pa kutokea, na hapo ndipo kishindo hupatikana. Rangi nazo hutokana na chumvi za metali: strontiamu huleta nyekundu, bariamu kijani, shaba samawati, na sodiamu manjano.

Hata vile vijiti vya kumetameta ambavyo huchomekwa kwenye keki za siku ya kuzaliwa si vya kuchezewa. Huwaka kwa joto linaloweza kuzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Maji ya chai katika nyanda hizi za juu huchemka hata kabla ya kufikia nyuzi 100, na kila mzazi anajua yanavyoweza kumbabua mtoto.

Moto wa aina hiyo ukiwashwa ndani ya nyumba huwa balaa. Katika mji wa Santa Maria nchini Brazil, watu 242 waliangamia Januari 27, 2013, baada ya fataki iliyowashwa na wanamuziki kushika dari la klabu ya Kiss. Machi 16, 2025, mkasa kama huo ulitokea katika mji wa Kočani, Macedonia Kaskazini, ambako watu wasiopungua 59 walifariki. Katika mikasa yote miwili, waliokufa walikuwa wamekwenda kusikiliza muziki.

Ulaya: Umri na kalenda

Wanaolalamika kwamba Kenya ina masharti makali mno hupenda kutoa mfano wa Ulaya, ambako inadaiwa kila mtu hujirushia fataki apendavyo. Madai hayo yana ukweli nusu.

Muungano wa Ulaya umezigawa fataki katika madaraja manne kupitia agizo lake la mwaka 2013. Daraja la kwanza, F1, ni vitu vidogo vyenye kelele hafifu, na anayevinunua sharti awe ametimiza miaka 12. Daraja la pili huanzia miaka 16 na la tatu miaka 18. Daraja la nne, F4, ndilo lenye yale makombora makubwa ya maonyesho ya kitaifa, na huruhusiwa kwa wataalamu pekee. Kila nchi mwanachama ina uhuru wa kukaza zaidi ya hapo.

Ujerumani, kwa mfano, huruhusu fataki za daraja la pili ziuzwe kwa umma siku tatu za mwisho za kazi za mwaka, na zirushwe Desemba 31 na Januari 1 tu. Hata siku hizo ni marufuku kuzirusha karibu na makanisa, hospitali, makao ya wazee au majengo yanayoshika moto kwa urahisi. Nchini Uingereza, ambayo haimo tena katika Muungano huo, kanuni za mwaka 2004 zinakataza kurusha fataki kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi, isipokuwa katika sikukuu chache zilizotajwa, ikiwemo Diwali. Kanuni hizo pia zinaweka kikomo cha kelele cha desibeli 120. Ireland, jirani yao, imekwenda mbali zaidi: raia wa kawaida haruhusiwi kitu chochote kilicho juu ya daraja la kwanza.

Masharti hayo hayakuzuka hivi hivi. Mei 13, 2000, ghala la fataki lililipuka katikati ya mtaa wa makazi mjini Enschede, Uholanzi. Watu 23 walikufa, takriban 950 wakajeruhiwa, na nyumba nyingi zikabaki vifusi. Ghala lenyewe lilikuwa na leseni. Lililokosekana ni ukaguzi wa kilichohifadhiwa humo, na swali la iwapo nyumba za watu zilistahili kuwa karibu kiasi kile.

Baada ya robo karne ya mjadala, mabunge yote mawili ya Uholanzi yaliidhinisha mwaka 2025 marufuku ya fataki kwa raia wa kawaida, ila zile ndogo za daraja la kwanza. Nchini Ujerumani, ambako watu watano walipoteza maisha katika sherehe za kuukaribisha mwaka huo huo wa 2025, wapo wanaodai hatua kama hiyo. Kwa maneno mengine, wale tunaowatolea mfano wa uhuru wameanza kusogea upande wetu.

Milango mitatu ya Kenya

Je, ina maana kwamba fataki ni haramu kabisa nchini? La hasha. Wahindu huzirusha katika Diwali, sikukuu inayotambuliwa kwao kisheria, na mahoteli makubwa huandaa maonyesho mwisho wa mwaka. Tofauti ni kwamba mwandalizi hubisha hodi kwenye milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni ule wa ukaguzi wa vilipuzi, tuliokwisha kuutaja. Hapa swali ni moja: mzigo huu ni wa nani, umetoka wapi na umehifadhiwa wapi?

Mlango wa pili ni polisi. Kishindo cha usiku hakiwezi kuachwa kiwashtukize walinda usalama, na palipo na fataki hukusanyika umati. Jirani zetu wa Uganda walijifunza hilo kwa machozi. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, umati uliokimbilia kutazama fataki katika jengo la biashara la Freedom City, kwenye barabara ya Kampala kuelekea Entebbe, ulisongamana katika njia nyembamba. Watu wasiopungua tisa walikufa kwa kukosa hewa, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Hakuna aliyeunguzwa na cheche hata moja.

Mlango wa tatu ni Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinazitaja fataki pamoja na ubomoaji wa majengo na viwanja vya kulengea shabaha miongoni mwa shughuli zinazohitaji kibali maalumu. Katika maeneo ya makazi, kanuni hizo zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ikumbukwe kwamba vipimo vya desibeli havipandi kama ngazi ya kawaida. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa imezidishwa mara 10. Kati ya 35 na zile 120 za Uingereza mna pengo lisiloweza kuzibwa na udhuru kwamba ni sikukuu.

Sheria yetu, hata hivyo, ina kasoro. Imemlenga zaidi mwagizaji na mwenye ghala kuliko mnunuzi. Baba anayeuziwa pakiti ya fataki chini ya kaunta hana namna rahisi ya kujua iwapo ni ya kumetameta tu au ni ya kulipuka, wala umri wa anayefaa kuishika. Mzungu huyasoma hayo kwenye kibandiko. Hapa petu, bidhaa iliyopitia njia za panya huweza kufika ikiwa na maandishi ya Kichina pekee, na wakati mwingine bila maandishi yoyote.

Masikio ya Mweiga

Huenda msomaji wa Mweiga akauliza: yote haya yanatuhusu vipi sisi tulio mbali na majumba ya kifahari ya Nairobi? Yanamhusu kuliko anavyodhani.

Mweiga iko kwenye barabara ya Nyeri kuelekea Nyahururu, ubavuni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, ambayo makao yake makuu yako papa hapa. Upande wa kaskazini kuna Solio, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970 na yenye vifaru weusi na weupe. Kifaru haoni vizuri; maisha yake huyategemeza kwenye pua na masikio. Ndovu naye husikia sauti nzito kutoka mbali mno. Ua wa umeme wa takriban kilomita 400 unaozunguka msitu wa Aberdare, uliojengwa kwa miaka 20 hadi 2009, umepunguza sana uvamizi wa mashamba. Lakini ua haukuundwa kumzuia ndovu aliyeingiwa na kiwewe. Akiukata usiku, mahindi na kabichi za Kieni huwa zake hadi alfajiri.

Ni kweli kwamba askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wenyewe hutumia vilipuzi vidogo vya kishindo kuwafukuza ndovu mashambani. Lakini askari huyo amefunzwa, anajua kundi liko wapi na analielekeza msituni. Anayerusha fataki kutoka uani hajui anamfukuza nani wala anamfukuzia kwa nani. Isitoshe, ndovu ana akili. Akizoea milio isiyomdhuru, siku ya haja hata askari hasikilizwi.

Mkulima asishawishike kutengeneza mitego yake mwenyewe ya baruti. Mwezi Mei 2020, katika jimbo la Kerala nchini India, ndovu jike mwenye mimba alikufa baada ya kuuma tunda lililojazwa fataki. Kisa hicho kilizua hasira dunia nzima.

Mifugo nayo haiachwi nyuma. Ng'ombe wa maziwa aliyeshtuka huzuia maziwa, kwa kuwa homoni ya hofu hupinga ile inayoyateremsha. Mwenye ng'ombe wawili anayetegemea malipo ya ushirika mwisho wa mwezi hulipia sherehe ambayo hakualikwa. Tukiongeza kwamba wageni husafiri hadi The Ark na Treetops ili kukaa kimya usiku wakiwatazama wanyama majini, tutaona kwamba ukimya wa eneo hili una bei yake.

Kishindo na kumbukumbu

Lipo jambo jingine ambalo halipimwi kwa desibeli. Mweiga ni mahali ambapo, katika miaka ya vita vya Mau Mau, ndege za kivita aina ya Harvard za Waingereza ziliruka kutoka uwanja wa papa hapa kwenda kutupa mabomu msituni. Wazee waliokuwa watoto wakati huo wangali hai miongoni mwetu.

Kizazi cha sasa nacho kina vidonda vyake. Baada ya mashambulizi ya Westgate, Septemba 2013, na Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambako watu 148 waliuawa, Mkenya hausikii mlipuko kama alivyousikia awali. Siku kumi tu baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ililipuka alfajiri katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliruka kutoka ghorofani wakidhani wamevamiwa. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Novemba mwaka huo huo, zoezi la usalama lenye milio ya risasi katika Chuo Kikuu cha Strathmore lilizua taharuki kama hiyo, na mfanyakazi mmoja akafariki.

Hakukuwa na adui katika visa hivyo viwili. Kishindo pekee kilitosha. Ndiyo maana ilani kwa majirani haipaswi kuonekana kama hisani.

La kufanya

Anayetaka maonyesho ya fataki na aanzie kituo cha polisi kilicho karibu, wiki kadhaa mapema, aelekezwe kwenye vibali vingine. Kwa aliye jirani na mbuga au hifadhi, ni busara pia kushauriana na KWS. Kazi ya kuwasha na aachiwe aliyeidhinishwa. Ndani ya ukumbi, hoteli au kanisa, fataki zisiwashwe kamwe, hata zile za keki.

Anayeuziwa pakiti kichochoroni na aulize swali moja kabla ya kutoa pesa: kibali kiko wapi? Muuzaji akibabaika, mnunuzi atambue kwamba anachopewa ni kilipuzi kisicho na mwenyewe. Mkono ukikatika au boma la jirani likiungua, atakayetafutwa ni yule aliyekutwa na njiti ya kibiriti.