JE, SAA HII NI HALISI?

Ukitajiwa Rolex, huenda mawazo yako yakaruka moja kwa moja hadi ng'ambo ya Busia, kwenye ile chapati ya Waganda iliyokunjwa pamoja na mayai. Hiyo sina ugomvi nayo, tena haighushiwi. Ninayotaka kuizungumzia leo ni ile ya kuvaliwa mkononi, itokayo Geneva kule Uswisi, ambayo moja tu yaweza kuuzwa dola 10,000 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe uone ni wanafunzi wangapi wa shule ya kutwa kama yetu wangelipiwa karo miaka yote minne kwa saa moja.

Jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma habari za saa hizi ni kwamba matajiri nao hununua mitumba. Naam, mitumba! Wengine hutaka saa za zamani ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza kabla ya wazazi wetu kuzaliwa. Wengine wanataka mpya, lakini wakienda dukani wanaambiwa wasubiri, na kusubiri huko kwaweza kuwa kwa miaka. Basi huingia kwenye intaneti wakamtafuta mtu aliye nayo tayari.

Hapo ndipo balaa huanza. Muuzaji yuko Miami, mnunuzi yuko Munich, na hawajawahi kuonana. Muuzaji anasema, "Tuma pesa kwanza." Mnunuzi anajibu, "Tuma saa kwanza." Ukiwasikiliza utaona kila mmoja ana haki yake. Binamu yangu aliwahi kununua simu kwa njia hiyo hiyo kutoka kwa mtu aliyeona tangazo lake. Alituma pesa asubuhi, jioni akapokea pakiti iliyofungwa vizuri ajabu, na ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia kilichokatwa kwa ustadi hata uzito ukalingana na wa simu. Aliyemtumia hakupatikana tena. Na hiyo ilikuwa simu ya bei ya chini tu. Sasa fikiria mtu aliyetuma dola 10,000.

Dawa iliyopatikana ni kumweka mtu wa tatu katikati. Kampuni ya Chrono24 iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2003 ina utaratibu wa kushika pesa za mnunuzi kama amana. Muuzaji anajua pesa zipo, mnunuzi anajua hazijaenda, na mpaka saa ifike hakuna anayeweza kumkimbia mwenzake. Lakini amana hujibu swali la pesa tu. Je, saa yenyewe? Mnunuzi anaweza kuipokea, akaishika, akaitazama hadi macho yakamtoka, na bado asijue kama ni halisi ama ni feki.

Kwa hivyo mwaka 2020 eBay ilianzisha huduma nyingine kule Marekani, kwa saa za dola 2,000 na kuendelea. Muuzaji haitumi saa kwa mnunuzi. Anaituma kwanza kwa mafundi, nayo eBay ilianza na kampuni ya Stoll & Co. iliyoko Dayton, jimbo la Ohio. Mafundi huilinganisha saa na maneno na picha za muuzaji, wakiridhika ndipo inaendelea na safari. Na mnunuzi akibadilisha nia akataka kuirudisha, hairudi moja kwa moja. Inapitia kwa mafundi wale wale tena! Nilicheka niliposoma hayo, kisha nikaelewa sababu. Mjanja anaweza kununua saa ya kweli akarudisha ya bandia iliyofanana nayo, na muuzaji mwaminifu akabaki akilia.

Fundi huyo tumwite mhakiki, na hapa simaanishi mhakiki wa tamthilia ambaye Karatasi ya Tatu hutusumbua naye. Huyu anahakiki chuma. Anatazama nini hasa?

Zamani kazi yake ilikuwa rahisi kidogo. Saa ya betri akrabu yake ya sekunde huruka mara moja kila sekunde, tik, tik, tik. Rolex nyingi za kisasa hazina betri. Zinaendeshwa na kamani, yaani ule utepe wa chuma uliozongwa, na mtambo wake hupiga mapigo 28,800 kwa muda wa saa moja. Gawanya kwa sekunde 3,600 utapata mapigo 8 kila sekunde, ndiyo maana akrabu yake huonekana kama inateleza. Kulikuwa pia na ile lenzi ndogo juu ya tarehe, ambayo hukuza tarimu mara mbili na nusu. Ile ya bandia mara nyingi haikuza sana. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna taji dogo mno lililochorwa kwa miale ya leza ndani ya kioo, chini kabisa karibu na sita ya uso wa saa. Bila kioo cha kukuzia huwezi kuliona.

Shida ni kwamba wenye kughushi nao husoma. Kila alama iliyotangazwa hadharani, baada ya muda huonekana kwenye bandia. Siku hizi kuna nakala zenye mtambo wa kamani wa kweli ndani yake, akrabu inateleza vizuri kabisa, lenzi inakuza sawasawa, na taji lipo. Mtu wa kawaida hawezi kuitambua kwa macho, na picha za kwenye intaneti ndizo hazisaidii hata kidogo kwa sababu muuzaji anaweza kupiga picha saa ya kweli kisha akatuma nyingine.

Inabidi kuifungua. Mhakiki hutoa cheni kwanza. Rolex za zamani zina namba iliyochongwa ubavuni mwa kasha, pale cheni inaposhikana nalo, kwa hiyo usipoitoa huioni. Tangu katikati ya miaka ya 2000 namba ilianza kuchongwa kwenye ukingo wa ndani, chini ya kioo. Kisha anafungua mgongo wa saa na kutazama mtambo: skrubu, magurudumu ya meno, maandishi, jinsi chuma kilivyosuguliwa. Kiwanda cha kweli husugua hata mahali ambapo mvaaji hatapaona maishani mwake. Mwenye kughushi haoni faida ya kufanya hivyo. Kuna pia mashine inayosikiliza mapigo ya saa jinsi daktari anavyosikiliza moyo, na nyingine inayopiga chuma kwa miale ya eksirei na kusema kimechanganywa na nini. Dhahabu ya karati 18 ni lazima iwe na asilimia 75 ya dhahabu. Mashine hiyo haihongeki.

Lakini sehemu iliyonivutia kuliko zote inahusu saa za kale, na wanaopenda Fizikia watafurahi. Zamani namba za saa zilipakwa rangi yenye rediamu ili zing'ae gizani. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vikaiacha kwa kuwa ni hatari, vikatumia tritiamu, na saa nyingi za aina hiyo zina herufi T chini ya uso wake. Rolex iliendelea na tritiamu hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Sasa, tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 na kitu. Saa iliyotengenezwa mwaka 1965 imekwisha kupitia nusu hizo karibu tano. Nusu ya nusu ya nusu ya nusu ya nusu ni moja kwa thelathini na mbili. Kwa hiyo mtu akikuletea saa ya 1965 yenye herufi T, mkazima taa, nayo ikawaka kama kimulimuli, jua kuna mtu aliyeipaka rangi upya.

Rediamu ndiyo kioja zaidi. Yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, lakini miale yake huiunguza ile rangi inayong'aa. Basi saa ya miaka ya 1950 yafaa iwe kiza ukizima taa, lakini ukiisogezea kifaa cha kupimia miale, kifaa kinalia. Ikiwa inang'aa na kifaa kimenyamaza, muuzaji ana maelezo ya kutoa.

Mtu atauliza, kuipaka rangi upya kuna ubaya gani? Si ni kama kupiga kiatu rangi? Katika biashara hii ubaya upo, kwa sababu mnunuzi halipii kujua saa ni ngapi. Simu itamwambia hilo bure. Analipia historia. Mwezi wa Oktoba 2017, huko New York, Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa dola milioni 17.75. Nyuma yake mkewe Joanne Woodward alikuwa amechongesha maneno ya kumwambia aendeshe gari kwa uangalifu. Chuma kile kile, kiwanda kile kile, bila Newman na bila maneno hayo bei isingefika huko hata kwa ndoto. Kwa hiyo kuhakiki saa ni kuhakiki masimulizi yaliyoambatana nayo.

Na masimulizi yanaweza kuwa uongo ingawa hakuna kipande hata kimoja cha bandia. Nitaeleza. Chukua kasha kutoka saa moja, uso kutoka ya pili, mtambo kutoka ya tatu, zote za kampuni ile ile. Ziunganishe. Kila kipande ni cha kweli, lakini saa hiyo haikuwahi kutoka kiwandani ikiwa hivyo. Mimi nimeipa jina saa ya viraka. Hiyo ndiyo inayowaumiza wahakiki vichwa, maana mashine zote zitasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Mwezi wa Novemba 2021 nyumba ya mnada ya Phillips iliuza jijini Geneva saa ya Omega Speedmaster ya toleo la kwanza kabisa, lile lililoanza mwaka 1957. Ilikuwa imekadiriwa faranga 80,000 hadi 120,000 za Uswisi. Ikauzwa zaidi ya faranga milioni 3.1. Watu walishangilia. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa ya viraka, na kwamba watu watatu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika. Na unajua nani alikuwa ameinunua? Omega yenyewe, kwa ajili ya jumba lake la makumbusho! Kampuni iliyoitengeneza, yenye vitabu vyote vya kumbukumbu, ilitoa mamilioni kununua uongo uliofumwa na watu walioijua kutoka ndani. Hapo mhakiki wa kukodi afanye nini?

Wengine husema, basi tutegemee karatasi. Ukiandikia Patek Philippe, kampuni ya tangu mwaka 1839, inaweza kukutolea dondoo kutoka kwenye kumbukumbu zake, likionyesha saa yenye namba fulani ilitengenezwa lini na iliuzwa lini kwa mara ya kwanza. Ni karatasi ya maana. Hata hivyo husema kilichotoka kiwandani siku ile, haisemi kama kilichomo mkononi mwako leo ni hicho hicho.

Tena kuna saa iliyo halisi kabisa, haina kiraka, na bado hupaswi kuinunua, nayo ni ya wizi. London kuna daftari la saa zilizopotea na kuibwa liitwalo The Watch Register. Mnunuzi au mfanyabiashara hupeleka namba ya saa, ikaangaliwa humo kabla pesa hazijatoka. Ndiyo sababu wezi hukwangua namba, na ndiyo sababu mhakiki akikuta ubavu uliokwanguliwa huweka saa chini mara moja. Namba isiyosomeka nayo ina habari zake.

Hapa kwetu Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inamfanya anayeuza bandia kuwa mhalifu, awe anauza saa, dawa ya mimea au wino wa mashine. Lakini sheria humfuata mtu akishauza. Huduma hizi za kuhakiki zinajaribu kumkamata kabla, na hulipiwa, ama na muuzaji, ama na mnunuzi, ama bei ikafichwa ndani ya bei ya saa. Sioni kama ni ghali. Binamu yangu angelipa hata shilingi mia tano siku ile.

Mwezi wa Desemba 2022 Rolex nayo iliingia katika biashara ya mitumba yake. Saa iliyofikisha angalau miaka mitatu ilirudi kwa mafundi wake, ikafunguliwa, ikahakikiwa, ikauzwa tena kwa maduka maalumu ikiwa na muhuri na dhamana ya miaka miwili. Wanaoisifu njia hii husema hakuna aijuaye saa kuliko aliyeizaa. Huenda ni kweli kwa saa za juzi na jana. Kwa saa iliyokwisha kuzunguka dunia miaka sitini, ikapita kwa mafundi ambao hakuna anayejua majina yao, mimi bado ningetaka kuiona gizani kwanza.